Sheria ya Mabwana na Watumishi

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana, Mtwara)



Nimeombwa nizungumze juu ya sheria za Waingereza na jinsi zilivyotufikia. Somo hilo ni pana kama bahari, nami sitathubutu kulivuka lote. Nitachukua sheria moja tu, kwa sababu ilimgusa babu yangu.

Babu alikata mkonge karibu na Mikindani. Alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara anatia alama. Usipomaliza, siku hiyo imekwenda bure, na mshahara unangoja mpaka kadi ijae. Sisi wajukuu tulikuwa tukimwuliza, "Babu, mbona hukuacha kazi ukarudi nyumbani?" Alijibu kwa ufupi: "Ningefungwa." Tulidhani anatutania. Nilipokua nikasoma, niliona kuwa alisema kweli.

Mwaka 1823 Bunge la London, ambalo siku zile lilitawala Ireland pia, lilipitisha Sheria ya Mabwana na Watumishi. Mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kufungwa hadi miezi mitatu, kwa kazi ngumu. Tajiri aliyevunja mkataba huohuo hakufungwa. Alidaiwa fedha tu. Vyama vya wafanyakazi viliipinga sheria hiyo miaka mingi. Mwaka 1867 wafanyakazi wengi wa mijini walipata haki ya kupiga kura. Miaka minane baadaye, mwaka 1875, Bunge likaifuta. Tangu hapo kuvunja mkataba wa kazi, kwa jumla, kukawa ni jambo la madai, si la jela.

Sasa turudi kwetu. Pwani hii ya Mikindani iliuza watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe ulibaki majumbani na mashambani. Wajerumani nao hawakuufuta. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ni Waingereza waliouondoa kisheria katika Tanganyika, mwaka 1922. Hilo ni jema, na tuliseme wazi.

Lakini mwaka huohuo ikatoka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na kodi ilitaka fedha taslimu. Mwaka uliofuata, 1923, ikaletwa Tanganyika Sheria ya Mabwana na Watumishi, pamoja na kifungo chake. Ndugu zangu, hesabuni wenyewe: kwao ilikuwa imezikwa miaka 48! Mtu aliyeachiliwa utumwa jana, leo akitafuta fedha ya kodi, alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na akiondoka kabla ya wakati, mahakama inamngoja.

Serikali ni moja, mbona sheria mbili? Sioni kwamba Waingereza wa mwaka 1923 walikuwa na roho mbaya kuliko baba zao. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa Manchester alikuwa na kura, na mkata mkonge wa Mikindani hakuwa nayo. Uchaguzi wetu wa kwanza ulifanyika mwaka 1958 na 1959. Sheria ile ilikaa hadi ilipobadilishwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 1955. Mwaka huohuo wafanyakazi waliunda Shirikisho lao la Tanganyika, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana wa kusini, Rashidi Kawawa.

Vijana, mtatoka hapa kwenda bandarini, viwandani, maofisini. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi yako kwa maandishi. Yaombe. Yasome kabla ya kutia sahihi. Mkidhulumiwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iendeeni. Na mkiwa ninyi ndio waajiri, kumbukeni kuwa aliye mbele yenu naye ana wajukuu watakaomwuliza maswali.

Babu alitia dole gumba. Ninyi mmefundishwa kusoma. Msiuache ufundi huo darasani.