“More than”: Maneno Mawili na Thuluthi Mbili

Nimeombwa nizungumzie sarufi, nami nimechagua maneno mawili tu ya Kiingereza, “more than”. Mtoto wa darasa la nne anayajua. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu sentensi ya kutafsiri: “She has no more than three goats.” Wengi waliandika, “Hana mbuzi zaidi ya watatu.” Kisarufi haina kasoro. Ila Mwingereza asemapo “no more than three” anasikitikia uchache, au anabeza: ana mbuzi watatu tu, basi. Angesema “not more than three”, angekuwa anaweka mpaka: labda watatu, labda wawili, lakini hawapiti hapo. Herufi moja ya “t” ndiyo iliyotenganisha kubeza na kupima. Sisi tungesema “watatu tu” kwa la kwanza, na “wasiozidi watatu” kwa la pili. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akaniuliza, “Mwalimu, kwani tofauti hiyo itamuumiza nani?” Nitamrudia.

Kiingereza hulinganisha kwa kubadili umbo la sifa au kuitangulizia “more”. Kiswahili hakigusi sifa. Mrefu hubaki mrefu. Tunachofanya ni kumweka mtu pale mwenzake alipo. Pasueni neno “kuliko” muone: ku-li-ko, mahali palipo na kitu. Juma ni mrefu kuliko Ali, yaani ni mrefu hapo Ali alipo. Au tunatumia vitenzi vya mwendo na ushindani: anampita, anamzidi, anamshinda. Muuza nyanya sokoni hasemi nyanya zake ni “tamu zaidi”. Anasema, “Hizi zinashinda zile,” na mkono umeshaanza kufunga mfuko.

“Zaidi ya” nayo ina sura mbili. “Zaidi ya walimu ishirini walikuja” ni hesabu. “Zaidi ya mwalimu mkuu, hakuna aliyekuja” maana yake ni mbali na yeye. Sasa imezuka ya tatu, “Wewe ni zaidi ya rafiki,” iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka “more than a friend”. Nimeshaizoea, ingawa bibi yangu angeuliza: amezidi kwa nini, kwa kimo?

Turudi kwa yule kijana. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 27(8), inataka wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wa jinsia moja wawe “not more than two-thirds”. Hiyo ni dari. Mitaani na redioni tumeifupisha ikawa “sheria ya thuluthi mbili”, na katika kufupisha tumelitupa neno lililobeba sheria yenyewe. Nimemsikia mtu mzima, msomi, akilalamika kwamba wanawake wamepewa thuluthi mbili za Bunge! Hesabu ni nyepesi. Bunge la Taifa lina wabunge 349, ukimwacha Spika. Thuluthi mbili zake ni 232 na kipande, na mtu hakatwi vipande; kwa hiyo jinsia moja isizidi 232, na ile nyingine isipungue 117. Mnamo tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutimiza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Kifungu cha 138 nacho kinamtaka mshindi wa urais apate “more than half” ya kura zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, basi ni 24. Kwenye kura ugumu ulikuwa kwingine: nusu ya nini? Mwaka 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na Mahakama ya Juu ikalazimika kuamua kama kura zilizokataliwa zihesabiwe. Ikasema zisihesabiwe.

Basi nyinyi mnaosoma habari na mnaotafsiri hati za serikali, nawaomba: semeni “kanuni ya isiyozidi thuluthi mbili”. Neno “isiyozidi” lina silabi tano, na muda wa taarifa ya habari unalitosha.