Fidia ya Aliyelemaa Ni Haki Yake, Si Sadaka

(Mazungumzo na vijana wa Makwasinyi)



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu. Sisi wa huku tukienda Voi twatokea Maungu, na pale ni barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori usiku na mchana, na bodaboda zetu zapita humo humo. Kwa hivyo jambo hili latuhusu.

Kijana agongwa, akatwa mguu. Mwenye gari aja na pesa kidogo, wazee wakaa, karatasi yatiwa sahihi, wasema yamekwisha. Jamani, yamekwisha kwa nani? Pesa zaisha kwa mwezi, mguu haurudi.

Uislamu haukuliacha hili kwa huruma ya mtu. Mafakihi wametwambia mguu mmoja ni nusu ya dia kamili, yaani ngamia 50. Kusamehe kuna thawabu kubwa, lakini mwenye kusamehe ni yule aliyeumia, naye awe ajua anachosamehe. Si mjomba, si mzee wa mtaa.

Sheria ya Kenya nayo, Sura ya 405, yataka kila gari na pikipiki barabarani iwe na bima ya kumlipa mtu mwengine atakayeumia. Ukithibitisha dereva alikosea, bima hulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, mwenye gari hujazia. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu ajali; mtoto huanza kuhesabiwa afikapo miaka 18.

Basi fanyeni haya. Andikeni nambari ya gari. Pigeni ripoti polisi mpate abstrakti, ambamo huandikwa kampuni ya bima. Daktari ajaze fomu ya P3, kisha aandike ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Wekeni kila risiti. Na msitie sahihi makubaliano yoyote kabla wakili hajayasoma.

Nanyi wa bodaboda, bima si ya kumwonyesha polisi tu. Siku ukimgonga mtoto wa jirani, ndiyo itakayomnunulia mguu wa bandia.

Mwezi huu twatoa sadaka kwa wingi. Aliyelemaa tumpe, lakini kwanza tumsindikize hadi Voi akadai haki yake.