Rilei: Askari Mdogo Asifungwe Mikono

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wafanyi kazi,

Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya kitu kidogo kiitwacho rilei. Najua wako watakaouliza: haya ni mambo ya mafundi wa stimu, yamhusu nini kibarua wa njia, mfagiaji au karani? Tutawajibu kabla hatujaketi.

Rilei ni swichi isiyobonyezwa na mkono wa mtu, bali na umeme wenyewe. Ndani mna koili ya waya wa shaba iliyozungushwa kwenye chuma. Umeme kidogo ukipita katika koili, chuma hugeuka sumaku, nacho huvuta kibao kilicho mbele yake. Kibao kikivutwa, midomo miwili ya waya hugusana, na umeme mwingine ulio mkubwa hupita hapo. Umeme wa koili ukikatika, springi hukirudisha kibao mahali pake. Ni kama mtoto mdogo anayeongoza ng'ombe wakubwa kwa fimbo. Katika miaka ya 1830, Joseph Henry wa Marekani alionyesha jambo hili, na baadaye simu za waya zililitumia. Umeme ulipochoka kwa safari ndefu, rilei iliupokea ujumbe na kuupeleka mbele kwa nguvu mpya, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti.

Lakini rilei si za namna moja, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni hiyo ya kawaida tuliyoieleza. Ukiipa umeme inashika, ukiuondoa inaachia.

Ya pili ni rilei ya kukumbuka. Ukiisukuma mara moja hukaa pale pale hata umeme ukizimika, mpaka uisukume tena irudi.

Ya tatu ni rilei ya saa. Hungoja muda uliowekwa ndipo ifanye kazi, ili mota kubwa zisiwake zote kwa pamoja.

Ya nne ni rilei ya joto, mlinzi wa mota. Ndani yake mna bamba la madini mawili yaliyogandamana, moja hutanuka kwa joto kuliko jingine. Mota ikielemewa hula umeme mwingi, bamba hupata joto, hupinda, na mota hukatiwa umeme.

Ya tano ni ya siku hizi, isiyo na kibao wala springi. Haina sauti na hudumu sana, lakini ikiharibika mara nyingi hubaki imepitisha umeme. Kwa hiyo usiiamini peke yake unapotia mkono ndani ya mashini. Zima swichi kuu kwanza.

Sasa tuje kwenye reli, kazi yetu. Mwaka 1872 William Robinson wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wake. Kipande cha njia hupewa umeme kidogo upande mmoja, ukapita katika vyuma vya reli mpaka kwenye rilei upande wa pili. Njia ikiwa tupu, rilei hushika, na taa ya kijani yaweza kuwaka. Gari moshi likiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli mbili, umeme hupita huko, rilei huachia, na taa huwa nyekundu. Tazameni akili iliyomo. Waya ukikatika, betri ikifa au reli ikivunjika na kukata umeme, rilei huachia vile vile, na taa huwa nyekundu. Jambo likiharibika, gari husimama. Aliyeitengeneza alijua kwamba iko siku kitu kitaharibika.

Ndugu zetu, hapa twataka kuungama. Mahali fulani tulipofanya kazi zamani palikuwa na mota ya pampu. Rilei yake ya joto iliikata mara tatu kwa asubuhi moja. Tuliambiwa kazi isisimame. Basi sisi wenyewe tulichonga kijiti, tukaibana ile rilei isifunguke, tukacheka. Siku ya tatu mota iliwaka moto. Mwenzetu aliyekimbia kuzima swichi aliungua mkono. Ilipofunguliwa, beringi zilionekana kavu, hazina grisi hata kidogo. Ile rilei ilikuwa ikisema kweli siku zote, nasi tuliiziba mdomo. Uchunguzi ukauliza ni nani aliyetia kijiti. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyenyima grisi. Barua ya onyo ilikuja kwetu peke yetu.

Msidhani ni sisi tu. Huko London, karibu na stesheni ya Clapham Junction, tarehe 12 Desemba 1988, magari yaligongana wakakufa watu 35. Katika kazi ya kubadilisha nyaya za ishara, waya mmoja wa zamani ulikuwa umeachwa bila kukatwa wala kufungwa vizuri. Baadaye uligusa mahali pake pa zamani, ukaipa rilei umeme wa uwongo. Rilei ikashika ingawa gari lilikuwa njiani, na ishara haikuwa nyekundu. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden uliona kwamba fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amepumzika siku moja tu katika majuma 13. Ripoti yake ya mwaka 1989 ilitaka saa za kazi ziwekewe mpaka, na kazi ya fundi ikaguliwe na mtu mwingine.

Hili ndilo jibu letu kwa kibarua na karani. Mwili wa mtu nao una rilei yake, nayo ni uchovu. Anayekunyima siku ya kupumzika anaibana kwa kijiti, na atakayeumia huenda ni abiria asiyekujua.

Basi tukubaliane leo. Mtu asibane rilei, hata akiamriwa. Ikikata mara mbili, tafuta sababu, uandike kitabuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka kumwarifu msimamizi hatari kubwa tunayoiona, na yamkataza mwajiri kuturudisha mahali hapo kabla hajaiondoa. Yakataza pia kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika. Lakini mmoja akisema peke yake huitwa mkaidi. Tukisema pamoja, itabidi grisi itafutwe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Tumemaliza, Bwana Mwenyekiti. Mwenye swali na aulize.