Bomba au Pokeza? Jina la Kitendo Kipya katika Lugha ya Programu

 

Nimechokozwa. Katika semina moja mwenzetu alisema maneno ya programu za kompyuta hayatungwi, yanafasiriwa tu: chukua neno la Kiingereza, litafutie mwenzake kwenye kamusi, kazi imekwisha. Historia ya istilahi zetu, kuanzia Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) la mwaka 1967 hadi Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, ya mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na ule ubishi wa kompyuta na tarakilishi, mnaijua; siirudii. Nashughulika na hoja hiyo moja, kwa sababu ikikubalika itaharibu kazi nzuri.

Kazi hiyo ni Nuru, lugha ya programu iliyobuniwa Tanzania, ambayo maneno yake ni ya Kiswahili. Tuseme inaongezewa uwezo wa kukabidhi matokeo ya kitendo kimoja kwa kitendo kinachofuata. Ukiwa umeunda vitendo viwili, chuja na panga, leo unaandika andika(panga(chuja(majina))), na msomaji hulazimika kuanzia ndani na kurudi nje. Kwa uwezo huo mpya angesoma majina, halafu chuja, halafu panga, halafu andika, kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Neno la kuviunganisha liwe lipi? Mwenzetu anajibu: bomba, kwa kuwa wasemao Kiingereza husema hivyo.

Wao walilitoa wapi? Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Mwaka 1973 Ken Thompson akaliingiza wazo hilo katika Unix. McIlroy alitazama kilichokuwa bustanini kwao. Anayemfuata kwa haki atatazama kwao pia, hatanakili bomba la mwenzake.

Tena Nuru yenyewe inaikanusha hoja hiyo. Lugha kadhaa hutambulisha kigeu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "acha" au "ruhusu". Nuru inasema fanya. Kitendo kipya huanza na unda. Penye "vinginevyo" inasema sivyo. Kupitia orodha inatumia kwa na ktk, ufupisho ambao kila mwanafunzi wetu ameuandika daftarini. Mwenzetu atanitajia vunja, la kutoka katika mzunguko, lililofasiriwa neno kwa neno. Hapo ana haki. Lakini vunja linatufaa kwa kuwa sisi huvunja kikao na huvunja baraza. Sikio lilikuwa tayari limeandaliwa.

Niruhusuni sasa nikae na kitabu ninachokipenda kuliko vyote: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Baba yake aliishi hapa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mjerumani Heinrich Brode alimhimiza aandike, naye akaandika kwa hati za Kiarabu, kwa sentensi fupi za mtu wa hesabu, safari baada ya safari, frasila baada ya frasila za pembe. Sijui kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi majina yanavyozaliwa. Jina la Tippu Tip hakujipa. Alipewa kwa mlio wa bunduki zake. Wengine walimwita Kingugwa, chui anayeshambulia huku na huku. Wengine Mkangwanzara, asiyeogopa ila njaa. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na waliomtaja hivyo ni waliokutana naye njiani, wengi wao kwa maumivu. Majina hayo yanaeleza matendo, hayaelezi nasaba wala cheo. Njia hiyo ya misafara ndiyo iliyowazoesha watu maneno pagazi na kirangozi, na hongo iliyotozwa na watemi kabla neno hilo halijawa rushwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mzigo ukahama kutoka begani kwenda behewani. Baba yangu alikuwa mpakizi pale stesheni. Madebe ya asali yalipopakiwa, wanaume walijipanga mstari: huyu anapokea, anakaza kifuniko, anampokeza wa pili, wa pili anatia alama, anampokeza wa tatu. Neno lililosikika ni moja: pokeza! Na hapa ndipo bomba linaposhindwa kabisa. Bomba hupitisha maji bila kuyabadilisha. Kitendo cha programu hupokea, hubadilisha, kisha hupokeza.

Wapo watakaosema alama inatosha, kama zilivyofanya F# na Elixir. Alama ni fupi, nakubali, ila mwalimu darasani ataisoma kwa sauti, na atahitaji neno. Wapo watakaosema pokeza litachanganywa na pokea. Mtoto anayetumwa dukani hachanganyi kupokea na kupokeza.

Nawaomba watunzi wa Nuru, kabla hamjafungua kamusi ya Kiingereza, andikeni ule mfano wa majina, chuja, panga na andika ubaoni mbele ya kidato cha tatu, mahali pa neno pakiwa wazi, muwaulize kinachotendeka hapo ni nini. Watakalolitaja lipimeni kwa uzito wote. Kura yangu mimi ni pokeza.