MUHOGO, SUMU NA KITOWEO

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Diani)



Tumeombwa tuseme machache juu ya afya, nasi tumechagua jambo lililo katika sufuria ya kila mmoja hapa Diani, yaani muhogo. Twaula kwa chai asubuhi, twaupika kwa tui, na makopa twayasaga tukasonga sima. Hatukuja kumkataza mtu. Tumekuja kueleza namna mwili unavyoishinda sumu ya muhogo, na kwa nini jambo hilo lahusu mshahara.

Kwanza yafaa tujue kwamba kila muhogo, mtamu kwa mchungu, una kinga yake dhidi ya wadudu na wanyama. Kinga hiyo yaitwa linamarini. Mchungu unayo nyingi, mtamu kama Kibandameno unayo kidogo. Ndani ya muhogo huo huo mna pia kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kidogo sana kilichomo katika kila chenye uhai, mti, mnyama na mtu. Kazi yake ni kuvunja vitu au kuviunga, nacho chenyewe hakiishi kwa kazi hiyo.

Katika muhogo mzima, linamarini na kimeng'enya hukaa vyumba mbalimbali. Muhogo ukikunwa, ukipondwa au ukitafunwa, kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, na hapo hutoka sumu iitwayo sianidi. Sumu hii huuzuia mwili usiitumie hewa tuivutayo. Sisi wa reli tungesema hivi: makaa yamo, hewa imo, lakini moto hauwaki.

Ndiyo sababu bibi zetu waliukuna muhogo mchungu, wakauloweka, wakauanika. Walikiacha kimeng'enya kifanye kazi yake nje ya mwili, sianidi ikapaa na upepo kabla ya chakula kuliwa. Lakini ukiutia muhogo mchungu motoni upesi upesi, moto hukiua kimeng'enya na linamarini nyingi hubaki. Ikifika tumboni, vijidudu vya matumbo huivunja, na sumu hutokea humo humo.

Je, mwili hauna ulinzi? Unao. Katika ini mna kimeng'enya kingine, jina lake rodanesi. Hicho huchukua salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti, kikaiunga na sianidi. Kinachopatikana ni kitu chenye ukali mdogo sana, nacho hutoka kwa mkojo. Ini ndiyo karakana yetu. Humo humo dawa nyingi tumezazo na pombe huvunjwa na vimeng'enya vingine.

Lakini, ndugu zangu, salfa hiyo yatoka wapi? Yatoka katika samaki, dagaa, kunde, maharagwe, mayai na nyama. Muhogo wenyewe una kidogo mno. Basi mtu alaye muhogo kwa samaki, karakana yake ina fundi na vifaa. Mtu alaye muhogo kwa chumvi siku zote, fundi yupo, lakini mikono mitupu. Behewa lisilo na kulabu ya kuungia haliondoki kituoni, na sumu nayo hukaa.

Matokeo yake yameonekana. Kuna ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka Kongo. Miguu yote miwili hukakamaa kwa ghafula, na mtu hapati tena mwendo wake wa zamani. Huwapata zaidi watoto na akina mama. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame vile vile, madaktari waliwachunguza wagonjwa 39 wilayani Tarime, Tanzania. Watu hao hawakuwa wajinga. Walijua kazi ya muhogo kuliko sisi. Njaa ndiyo iliyofupisha siku za kuuandaa, na njaa hiyo hiyo ndiyo iliyoondoa kitoweo.

Sisi tusiseme ni mambo ya mbali. Jua likizidi, hata muhogo mtamu huongeza sumu, na ukame wa mwaka 2021 na 2022 ulifika hapa hapa Kwale. Tena twakumbuka mwaka 2020, hoteli za ufuoni zilipofungwa kwa ajili ya korona. Katika nyumba zetu kilichotoka kwanza katika sufuria kilikuwa samaki. Muhogo ulibaki.

Kwa hiyo twawaomba haya. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu, maji yamwagwe, kisha uanikwe. Unga wa muhogo ukiutilia shaka, uchanganye na maji, utandaze mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha usonge sima siku ile ile. Usikose kunde au dagaa, hata kidogo. Mtu akila muhogo akatapika na kuona kizunguzungu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Na la mwisho ni letu wanachama. Tunapohesabu gharama za maisha ili kudai nyongeza, mara nyingi twaandika bei ya unga, kodi ya nyumba na nauli ya Likoni. Kitoweo twakiona anasa. Si anasa. Ndicho vifaa vya ini la mtoto wako. Mshahara unaotosha muhogo tu ni mshahara usiotosha. Basi katika hesabu ijayo ya tawi letu, bei ya samaki na kunde iandikwe juu kabisa, nasi tuitetee kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.