Mzee Akisema "Ni Uzee Tu"

Leo tuzungumze juu ya nyanya na babu mnaokaa nao nyumbani.

Ukiuliza, "Mama, umeamkaje?" utajibiwa, "Sijambo, mwanangu." Hiyo ni adabu, bado hajakueleza anavyojisikia. Wazee wengi huipima afya kwa kazi: maadamu anafika shambani, kanisani au msikitini, yeye ni mzima. Macho yakififia, au akiamka usiku mara nyingi kukojoa, husema, "Ni uzee tu."

Lakini uzee si ugonjwa. Macho kufifia huenda ni mtoto wa jicho, na huo hutibiwa kwa upasuaji. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara huweza kuwa dalili za kisukari. Presha nayo mara nyingi haina dalili. Hujulikana kwa kupimwa.

Kwa hivyo uliza hivi: "Ni kazi gani uliyoiweza mwaka jana ambayo sasa inakushinda?" Keti, umsikilize bila haraka. Akisema, "Siku hizi sijiwezi," usimcheke wala kumnyamazisha. Mpeleke kituo cha afya, ukamwambie daktari maneno hayo hayo.

Wasalimie wazee wetu.