Kuvunja Chombo cha Maji si Kuvunja Haki ya Maji



Leo twatafakari jambo linaloonekana kuwa la ofisini kuliko la kanisani: namna ya kuvunja chombo cha maji cha jamii. Hapa Bariadi, kama kwingineko mkoani Simiyu, mito mingi hubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Kisima kikifungwa, mama huongezewa safari na mtoto huchelewa shule. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliwakabidhi wanavijiji dhamana ya kumiliki na kuendesha miradi yao. Sheria Na. 12 ya mwaka 2009 ikaweka utaratibu wa kusajili vyombo vya watumia maji. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikachukua nafasi yake, ikaanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Tangu hapo vyombo vidogo vingi vimeunganishwa ili vimudu gharama za mafundi na wahasibu. Hilo laweza kuwa jema. Lakini chombo cha zamani kinapokufa, kama marehemu yeyote, huacha mali na madeni. Je, mrithi ni nani?

Chombo kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria: humiliki mali, hudai na hudaiwa. Hakifi kwa sababu mwenyekiti ametupa funguo. Basi tudai utaratibu wa haki:

Kwanza, katiba ya chombo isomwe, maana ndiyo hueleza nani aweza kuamua na kwa kura ngapi.

Pili, wanachama waitwe mapema, waamue mkutanoni, na muhtasari utiwe saini.

Tatu, hesabu zikaguliwe na kusomwa hadharani: fedha za benki, pampu, matangi, mabomba.

Nne, madeni yalipwe, na ujira wa mlinzi wa kisima usisahauliwe.

Tano, kinachobaki kisigawanywe mifukoni. Kikabidhiwe kwa maandishi kwa chombo kinachopokea huduma, Halmashauri ya Kijiji ikishuhudia, na Msajili aarifiwe.

Siku ya makabidhiano maji yasikatike hata ndoo moja.

Tusiogope kuuliza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Isaka alipogombaniwa visima, alichimba vingine hadi akapata nafasi ya amani. Sisi hatuna pa kuhamia. Amani yetu itatokana na hesabu zilizo wazi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Ni lini mara ya mwisho tulisomewa hesabu za maji?
2. Nani kati yetu ana nakala ya katiba ya chombo chetu?